Mary Bryant, mfungwa aliyetoroka na mashua ya gavana

Machi 1786, katika mji wa Exeter, kusini magharibi mwa Uingereza, karani wa mahakama aliandika jina la msichana wa miaka 20: Mary Broad. Yeye na wenzake wawili, Catherine Fryer na Mary Haydon, walipatikana na hatia ya kumvamia mwanamke aitwaye Agnes Lakeman na kumnyang'anya kofia ya hariri pamoja na vitu vingine, vyote vikiwa na thamani ya pauni 11 na shilingi 11. Hukumu ilikuwa kunyongwa. Baadaye ikapunguzwa, akapewa miaka 7 ya kupelekwa ng'ambo ya bahari.

Msichana huyu alikuja kufanya jambo ambalo mabaharia wenye vyeo walilisikia wakatikisa vichwa. Lakini yeyote anayetaka kufuatilia maisha yake anagongana na ukweli mmoja mchungu. Mary hakujua kuandika. Siku ya ndoa yake alitia alama ya msalaba kitabuni. Tunachokijua juu yake kimeandikwa na makarani waliomhukumu, maofisa waliomlinda, mwanamume mmoja aliyetoroka naye, na wakili mmoja aliyemhurumia. Kwa hiyo kumsoma Mary ni kusoma daftari za watu wengine, na kila ukurasa ni lazima ujiulize: mwandishi huyu alikuwa anataka nini?

Alibatizwa Mei 1765 huko Fowey, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Cornwall. Baba yake, William Broad, alikuwa baharia. Pwani ile watu waliishi kwa uvuvi na, samaki walipoadimika, kwa magendo. Sheria za Uingereza wakati huo zilikuwa kali kupita kiasi: kufikia mwisho wa karne ya 18, makosa zaidi ya 200 yaliweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi, mengi yakiwa ya kugusa mali. Majaji wenyewe waliona haya kunyonga kila mwizi wa kitambaa, ndiyo maana wengi walibadilishiwa adhabu wakasafirishwa. Kwa miongo mingi wafungwa hao walipelekwa Marekani, kwenye makoloni kama Maryland na Virginia. Vita vya uhuru wa Marekani vikaufunga mlango huo. Magereza yakafurika, serikali ikachukua meli kuukuu, ikazing'oa milingoti na kuzigeuza jela za kuelea.

Mary aliwekwa katika mojawapo, Dunkirk, iliyokuwa imetia nanga Plymouth. Hapa daftari zinanyamaza, ila kalenda inasema. Daktari wa meli iliyombeba baadaye hadi Australia, John White, aliandika katika shajara yake kwamba tarehe 8 Septemba 1787, siku chache baada ya msafara wa meli za wafungwa kuondoka Rio de Janeiro, Mary Broad alijifungua mtoto wa kike mwenye afya. Rudi nyuma miezi tisa utamkuta mama huyo bado yumo ndani ya Dunkirk, mfungwa katikati ya wanaume wenye funguo na wanaume wenye minyororo. White hakuona haja ya kuuliza mimba ile ilipatikanaje. Mimi nadhani swali hilo lilistahili kuulizwa siku ile ile, na kwamba kimya chake ni sehemu ya adhabu aliyopewa Mary bila jaji kuitamka.

Mtoto aliitwa Charlotte, jina la meli aliyozaliwa ndani yake. Meli hiyo ilikuwa mojawapo ya 11 zilizong'oa nanga Portsmouth tarehe 13 Mei 1787, zikibeba wafungwa zaidi ya 700, wanawake wakiwa chini ya 200. Zilipita Tenerife, Rio na Rasi ya Tumaini Jema, zikafika pwani ya mashariki ya Australia Januari 1788. Tarehe 26 mwezi huo Kapteni Arthur Phillip, gavana wa kwanza, alipandisha bendera kwenye ghuba iliyokuja kuwa Sydney. Pale palikuwa na wenyewe. Ilikuwa ardhi ya Wagadigal, na mwaka uliofuata ndui iliwafyeka wao na majirani zao kwa kasi ya kutisha. Habari ya Mary haiwezi kusimuliwa kwa haki bila kulitaja hilo, kwa sababu jela yake ilijengwa nyumbani kwa watu wengine.

Wanawake waliteremshwa nchi kavu tarehe 6 Februari. Siku nne baadaye Mary aliolewa na William Bryant, mvuvi wa Cornwall, mfungwa aliyesafiri naye katika meli moja. Gavana alikuwa akihimiza ndoa, na mwanamke mwenye kichanga katika kambi ya wanaume wengi kiasi kile alikuwa na sababu za kutosha za kutafuta mlango wa kuingia. William alikuwa na kitu adimu: ujuzi. Alizijua nyavu, mashua na tabia ya samaki. Akakabidhiwa mashua za uvuvi za koloni, akapewa na kibanda.

Februari 1789 alikamatwa akiwa amejitengea samaki na kuwauza kwa siri. Alichapwa viboko 100, familia ikafukuzwa kwenye kibanda. Lakini hakuondolewa katika uvuvi, kwani hakukuwa na mwingine aliyeiweza kazi ile. Aliadhibiwa na siku hiyo hiyo akawa bado anahitajika, na watu wa aina hiyo huanza kuhesabu mambo kimyakimya.

Kisha ikaja njaa. Mbegu zilizoletwa kutoka Uingereza zilikufa katika mchanga, ng'ombe walipotelea porini, na Machi 1790 meli Sirius, tegemeo kubwa la koloni, ikapasuka kwenye miamba ya kisiwa cha Norfolk. Mwezi uliofuata posho ya wiki ya mtu mzima ilikuwa unga ratili mbili na nusu, mchele ratili mbili, na nyama ya nguruwe ya chumvi ratili mbili, nyama iliyokaa kwenye mapipa kwa miaka. Ofisa aliyealikwa kula kwa gavana alitakiwa aende na mkate wake. Mwezi huo huo, tarehe 4 Aprili 1790, Mary na William walimbatiza mtoto wao wa kiume, Emanuel.

Naomba msomaji akae kidogo na tarehe hiyo. Mama ananyonyesha kwa posho ile. Ana binti wa miaka miwili na nusu anayelia njaa. Mume wake ana makovu mgongoni. Adhabu ya Mary mwenyewe itaisha Machi 1793, lakini kwisha kwa adhabu hakumaanishi kurudi nyumbani, kwa kuwa hakuna aliyeahidi nauli ya kurudi. Na kuna jingine: William alikuwa amesikika akisema kwamba ndoa iliyofungwa kule haimfungi mtu akirudi Uingereza. Gavana alikuwa ameshatoa amri kwamba mfungwa aliyemaliza muda wake hataruhusiwa kuondoka na kuiachia koloni mke na watoto wasio na wa kuwalisha. Watu wengi husimulia utoro huu kama wazo la William. Mimi nikisoma mazingira yale naona mwanamke aliyekuwa na sababu nyingi kuliko mumewe za kutaka waondoke wote, kwa pamoja, katika chombo kimoja.

Desemba 1790 meli ya Kiholanzi, Waaksamheyd, ilileta chakula kutoka Batavia. Nahodha wake, Detmer Smit, hakupatana na maofisa wa Kiingereza, na William akalitumia hilo. Kwake alipata dira, ramani ya bahari na chombo cha kupimia jua, pamoja na bunduki na chakula cha akiba. Mwishoni mwa Februari mashua ya gavana, ambayo William aliitumia kuvulia, ilipinduka kwa upepo, na wenyeji wa pwani wakasaidia kuwaokoa waliokuwamo. Serikali ikaitengeneza upya. Bila kujua, koloni ilikuwa inawaandalia watoro chombo.

Machi 27, 1791, Waaksamheyd iliondoka. Meli nyingine ya koloni, Supply, ilikuwa safarini kuelekea Norfolk. Bandari ikabaki bila chombo chochote cha kuwafukuza watoro. Usiku wa tarehe 28 watu 11 wakaingia kwenye mashua ya gavana: Mary, William, Charlotte, Emanuel, na wanaume saba, James Martin, James Cox, William Allen, Samuel Bird, William Morton, Nathaniel Lillie na John Butcher. Walikuwa na ratili 100 za unga, ratili 100 za mchele, nyama kidogo, maji ya pipa dogo, na wavu. Asubuhi waliowafuatia walikuta mchele umemwagika njiani. Askari mmoja, John Easty, aliandika katika shajara yake kwamba kule kuwaza tu uhuru kutoka mahali kama pale kulitosha kumfanya mfungwa yeyote ajaribu kila njia. Askari anayeandika hivyo juu ya watu aliotumwa kuwalinda anatueleza hali ya jela yake kuliko ripoti yoyote ya gavana.

Safari yenyewe tunaijua zaidi kwa James Martin, ambaye masimulizi yake yalihifadhiwa kati ya karatasi za mwanafalsafa Jeremy Bentham jijini London. Waliambaa pwani kuelekea kaskazini. Siku za mwanzo waliingia kwenye kijito, wakakuta makaa ya mawe yanayowaka vizuri. Mashua ilivuja, na walipokosa dawa nyingine ya kukalafati waliziba nyufa kwa sabuni. Mara nyingine wenyeji waliwapokea kwa amani, mara nyingine waliwafukuza, na watoro wakafyatua bunduki. Sioni sababu ya kulificha hilo: waliokuwa wakikimbia dhuluma nao walitia hofu katika pwani zisizo zao.

Kisha zikaja dhoruba. Upepo uliwatupa mbali na nchi kavu, kila mtu akafua maji usiku na mchana, wakatupa hata nguo baharini ili kupunguza uzito. Martin anasema mwanamke na watoto wachanga wawili walikuwa katika hali mbaya, kila kitu kikiwa kimelowa hata moto haukuwaka. Ni sentensi chache tu. Hamtaji Mary kwa jina. Anamwita yule mwanamke. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi nikitafuta zaidi. Hakuna anayesema nani alimshika Emanuel mama yake alipofua maji, wala Charlotte alilala wapi katika chombo kisicho na sitaha. Wanaume saba waliokuwa naye waliokoka bahari ile, na aliyeandika alikumbuka makaa, kasa na sabuni.

Kasa ndio waliowaokoa. Ndani ya Tumbawe Kuu walifika kisiwa kilichokuwa na kasa wengi, wakala, wakakausha nyama ya akiba. Karibu na mlango bahari wa Torres walifukuzwa na mitumbwi mikubwa yenye matanga, wakaponea chupuchupu, kisha wakakata moja kwa moja Ghuba ya Carpentaria bila kuona nchi kavu kwa siku kadhaa. Tarehe 5 Juni 1791, baada ya siku 69 na karibu kilomita 5,000, waliingia Kupang katika kisiwa cha Timor, mji wa Waholanzi. Umbali huo ni zaidi ya kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai. Hakuna hata mmoja aliyekufa. Miaka miwili kabla, William Bligh aliingia bandari hiyo hiyo baada ya kutupwa baharini na waasi wa meli ya Bounty, akapewa sifa ya kudumu. Bligh alikuwa ofisa wa jeshi la majini mwenye mabaharia waliofunzwa. Mary alikuwa na mtoto wa kunyonya na mwingine wa miaka mitatu na nusu.

Walijitambulisha kama manusura wa meli iliyozama. Gavana wa Kiholanzi, Timotheus Wanjon, aliwapa chakula na nguo, gharama ikaandikwa kwa serikali ya Uingereza. Kwa miezi michache Mary aliishi kama mke wa mtu huru. Kisha siri ikavuja. Martin anadai William aligombana na mkewe, akaenda mwenyewe kuripoti kila kitu, yeye, mke na watoto. Huenda ni kweli, huenda ni mtu wa chumba cha pili anayesimulia ugomvi wa ndoa isiyokuwa yake. Septemba akawasili Kapteni Edward Edwards, aliyekuwa akiwasaka waasi wa Bounty na ambaye meli yake mwenyewe, Pandora, ilikuwa imezama kwenye miamba. Wakakabidhiwa kwake, wakatiwa pingu.

Sehemu inayofuata ni ngumu kuiandika. Batavia, ambayo leo ni Jakarta, ilikuwa na homa iliyoua mabaharia kwa mamia. Emanuel alifariki tarehe 1 Desemba 1791. William akafuata tarehe 22. Baada ya hapo wakapakiwa kwenye meli za Kiholanzi. James Cox aliingia baharini katika mlango bahari wa Sunda na hakuonekana tena; Bird na Morton wakafa kwa ugonjwa. Walipofika Rasi ya Tumaini Jema, Mary, Charlotte na wanaume wanne waliobaki walihamishiwa meli ya Kiingereza iitwayo Gorgon, iliyokuwa ikiwarudisha nyumbani askari wa Sydney.

Miongoni mwa maofisa alikuwamo Watkin Tench, aliyesafiri na Mary katika meli ya Charlotte miaka mitano kabla. Alimtambua. Aliandika kwamba hakuweza kuwatazama watu hawa bila huruma na mshangao, kwa kuwa walishindwa katika mapambano ya kishujaa ya kutafuta uhuru baada ya kushinda kila taabu. Joto lilikuwa kali na watoto wa askari walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine. Tarehe 6 Mei 1792 ofisa mwingine, Ralph Clark, alitia kwenye shajara yake kwamba mtoto wa Mary Broad, mfungwa aliyetoroka na mashua ya uvuvi, amefariki na mwili umezikwa baharini. Charlotte alizaliwa baharini na akazikwa baharini, na hakufikisha miaka mitano.

London walimtia Mary katika gereza la Newgate. Mtoro kutoka uhamishoni angeweza kunyongwa. Lakini magazeti yalikuwa yamesimulia safari ile, watu wakachanga pesa, na Julai 1792 mahakama ya Old Bailey iliamua abaki gerezani bila adhabu mpya. Hapo ndipo alipoingia James Boswell, wakili wa Kiskoti aliyejulikana zaidi kwa kuandika wasifu wa Samuel Johnson. Boswell alimwandikia Henry Dundas, waziri wa mambo ya ndani, akafuatilia ofisi baada ya ofisi. Tarehe 2 Mei 1793 Mary alipata msamaha, wiki chache baada ya miaka yake 7 kuwa imeshakwisha. Serikali ilimsamehe deni ambalo alikuwa amelimaliza kulilipa.

Boswell alikuwa mtu wa anasa na wanawake, na jamaa mmoja mshairi alitunga beti za kumkejeli, akimfanya Mary kuwa kimada wake. Kejeli ile imewafaa waandishi wengi tangu wakati huo. Ukisoma shajara za Boswell, mtu ambaye hakuona aibu kuandika dhambi zake mwenyewe, unakuta kodi ya chumba kilicholipiwa, dada wa Mary aitwaye Dolly aliyetafutwa akapatikana akifanya kazi ya upishi London, na mashaka makubwa ya wakili juu ya mtu mmoja kutoka Fowey aliyekuja na habari kwamba familia ya Broad imerithi mali nyingi. Sijaona humo sababu ya kumvunjia mwanamke huyu heshima.

Katika karatasi za Boswell kulikuwa na kifurushi kidogo cha majani makavu. Ni majani ya mmea utambaao ambao wafungwa wa Sydney waliuchemsha wakanywa kama chai, kwa kuwa una utamu wa asili. Machache kati yake sasa yamo katika Maktaba ya Jimbo la New South Wales. Fikiria njia yaliyopita: mashua iliyokuwa ikifuliwa maji kwa wiki nzima, mvua za Tumbawe Kuu, kituo cha Kupang, pingu za Edwards, homa ya Batavia, Gorgon, Newgate. Nguo zilitupwa baharini, majani hayakutupwa. Labda yalikuwa dawa ya watoto. Wafungwa waliamini yanatuliza njaa na maradhi. Mary hakuwa na kitu kingine cha kumlipa wakili wake, na ndicho kitu pekee duniani kinachojulikana kilichopita mikononi mwake kwa hiari yake.

Oktoba 12, 1793, Boswell alimsindikiza hadi gatini Southwark. Wakakaa pamoja na nahodha na mwenye nyumba ya wageni wakinywa, naye Boswell akaandika kurasa mbili za masimulizi ya utoro kutoka kinywani mwake. Aliahidi kumlipa pauni 10 kila mwaka, akampa 5 za kuanzia. Anasema Mary alikuwa na huzuni, akihofu kwamba jamaa zake hawatamtendea wema. Pesa zilipitia kwa kasisi mmoja wa Lostwithiel, karibu na Fowey, na Boswell alipofariki Mei 1795 malipo yakakoma. Baada ya hapo Mary hayumo tena katika daftari la mtu yeyote aliyekuwa na uwezo juu yake.

Wanaume wanne aliotoroka nao waliachiwa Novemba 1793, wakaenda mlangoni kwa Boswell kumshukuru. Mmoja wao, John Butcher, akajiandikisha askari wa kikosi cha New South Wales na kurudi Sydney kwa nauli ya serikali. Mwaka 1795 alipewa ekari 25 za shamba huko Parramatta, na serikali ile ile aliyoiibia mashua.